Naomba ushauri: Mlima wa Mweka na michango ya kituo cha watoto

Wakuu, habari zenu. Kikundi chetu cha Dar kinajiandaa kwa nusu marathoni ya Kilimanjaro pale Moshi, kilomita 21.1, kuchangisha fedha za vitanda na vyandarua vya kituo cha watoto yatima.

Kwanza, mlima. Njia inapanda kuelekea Mweka, kijiji kilicho juu ya mji wa Moshi, halafu inateremka kurudi mjini. Wengi huogopa kupanda, lakini kinachowamaliza ni mteremko: misuli ya mbele ya paja hubeba uzito huku ikivutwa, inakaza, na hatua inakuwa nzito. Sasa tunakimbia siku 4 kwa wiki: 2 za polepole, 1 ya kupanda daraja (dakika 2 mara 8), na Jumapili mbio ndefu inayoongezwa kilomita 1 au 2, ila kila wiki ya 4 tunapunguza. Mazoezi ya kuteremka tuyaanze wiki ngapi kabla, na kwa kiasi gani ili magoti yasiumie?

Pili, fedha. Ahadi za "nitatoa mkimaliza" huyeyuka mbio zikiisha. Tunataka mchangiaji alipie kilomita mapema, shilingi 1,000 kila moja, yaani 21,000, ziingie akaunti ya kituo yenye watia saini wawili, si kwenye simu ya mtu. Kibali cha kuchangisha tuombe kwa mkuu wa wilaya au ustawi wa jamii? Na kwa kuwa sura za watoto hatutaziweka kwenye matangazo kabisa, mnatumia picha gani?