Nikitia ukungu sehemu moja ya picha, ama nzima inaharibika ama hakuna kinachobadilika

Mkono_Mzito
Habari za muda huu wakuu. Nina picha ya pamoja, watu kumi na wanne wamesimama mbele ya ubao. Wawili hawataki sura zao zionekane, na kwenye ubao nyuma yao kuna majina na namba za simu. Mimi ndiye niliyejitia kimbelembele nikasema "nipeni, nitaitengeneza", sasa nimekwama na watu wanaisubiri.

Natumia GIMP, ile programu ya kuhariri picha, kwenye kompyuta. Mara ya kwanza nilikwenda moja kwa moja kwenye filta ya ukungu, picha nzima ikawa kama inaonekana kupitia kioo chenye mvuke. Mara ya pili nikachora duara usoni kwa mmoja, nikatia ukungu, hakuna kilichobadilika kabisa. Nikaongeza namba, ukaingia, ila duara lina ukingo mkali utadhani nimembandika sahani usoni. Nakosea wapi?

FundiLeya
Umekaribia mkuu. Mara ya kwanza hukuchagua eneo, na filta isipoambiwa mipaka inakula leya yote, yaani tabaka zima la picha. Mara ya pili ilifanya kazi, ila hukuiona: Gaussian Blur, hiyo filta ya ukungu, inafunguka na ukubwa wa 1.50. Kwenye picha yenye upana wa pikseli 4000 hivi, sura ya mtu mmoja inaweza kuwa na pikseli 250, kwa hiyo 1.50 ni kama kumpulizia pumzi tu. Anza na 30, angalia, ongeza.

Hiyo sahani inatokana na ukingo wa duara. Kabla hujachora, angalia chini ya kisanduku cha zana, tia tiki kwenye Feather edges na uweke 15 au 20. Hapo ukungu unaanza taratibu badala ya kukatika ghafla. Na ukiona mstari wa vidoti unazunguka duara na pia unazunguka ukingo wa picha nzima, ujue umegeuza uchaguzi: kila kitu kitapata ukungu isipokuwa ile sura. Ctrl+I inaurudisha.

Dada_Brashi
FundiLeya yuko sawa, lakini mimi maduara nilishaachana nayo siku nyingi. Sura haina umbo la duara, ina nywele, masikio, na bega la jirani limeingia hapo. Jaribu hivi: nakili leya, kisha tia ukungu leya yote ya juu bila kuchagua chochote, ukubwa 40. Picha nzima itavurugika, usishtuke. Bofya kitufe cha kulia kwenye hiyo leya ya juu, ongeza maski (kifuniko kinachoamua sehemu ipi ya leya ionekane), chagua ile nyeusi. Ukungu wote utatoweka. Sasa chukua brashi laini yenye rangi nyeupe, paka sura tu. Kila unapopaka, ukungu unatokea chini ya brashi. Ukizidisha hadi kwenye bega la jirani, badili rangi iwe nyeusi, paka tena, bega linarudi.

Uzuri wake ni kwamba hakuna kinachoharibika. Kesho ukitaka kubadilisha, maski ipo palepale.

Kasri99
Mnamchosha mwenzenu. Atumie ile filta ya vijisanduku, sura inakuwa mraba mraba kama kwenye taarifa ya habari. Au azungushe uso kama maji yanavyoingia kwenye bomba la sinki. Dakika moja kazi imeisha.

MlinziWaPikseli
Kasri, kuzungusha hapana kabisa. Kuzungusha hakufuti kitu, kunahamisha pikseli tu, na kilichohamishwa kinarudishika. Mwaka 2007 Interpol walitangaza sura ya mhalifu aliyekuwa ameuzungusha uso wake kwenye picha hivyo hivyo. Wataalamu wa polisi wa Ujerumani waliuzungusha kinyume, sura ikarudi, akakamatwa Thailand mwezi huohuo.

Na wewe Mkono_Mzito, sura mbili sina neno, ukungu mzito unatosha. Wasiwasi wangu ni huo ubao ambao kila mtu hapa ameuruka. Namba za simu usizitie ukungu wala vijisanduku! Sura ya mtu ina mamilioni ya uwezekano, tarakimu ziko kumi tu. Mtu anachukua mwandiko unaofanana, anaandika 0 hadi 9, anatia kila moja ukungu uleule, kisha analinganisha doa na doa. Doa la 1 ni jembamba, la 8 limejaa katikati, la 7 ni zito juu. Mpaka hapo nusu ya namba ameshaipata. Maandishi yanafunikwa kwa rangi kamili, basi.

Mkono_Mzito
Duh, hilo la tarakimu sikuwahi kuliwaza. Lakini mstatili mweusi katikati ya picha ya furaha si itaonekana kama karatasi ya mahakamani?

Dada_Brashi
Nani kasema uwe mweusi? Ubao wako ni mweupe, si ndiyo? Bonyeza O, gusa sehemu ya ubao isiyoandikwa, umepata rangi yake. Rudi kwenye leya ya chini, paka juu ya maandishi kwa brashi isiyopitisha kitu. Ubao ukiwa na kivuli upande mmoja, chukua rangi upya kila unaposogea, la sivyo utaona kiraka. Ubao uliofutwa haumshangazi mtu.

Nyota_ya_Simu
Nami naongezea kwa wanaotumia simu: msifunike kwa ile kalamu ya kupigia mstari maandishi. Inapitisha mwanga. Unapaka mara tatu unaona nyeusi tii, mwenzako anaongeza mwanga wa picha, kila kitu hiki hapa.

MlinziWaPikseli
Naam. Na ukimaliza usitume faili la XCF, lile la GIMP linalohifadhi leya zote, humo leya ya chini ina sura zote mbili zikiwa safi. Toka GIMP 3.0 ya mwaka 2025 hata filta yenyewe inakaa pembeni ya leya, mtu anaizima kwa mbofyo mmoja. Toa JPG kwa Ctrl+Shift+E. Kwenye dirisha litakalofunguka ondoa tiki ya Exif (taarifa za picha zinazofichwa ndani ya faili) na ya kijipicha kidogo, maana kijipicha huwa kinaweza kubaki na picha ya zamani.

Mkono_Mzito
Wakuu nimejaribu njia ya dada. Ukungu ulitoweka kama alivyosema, lakini nikipaka nyeupe, kweli inatokea nyeupe! Rafiki yangu sasa ana doa la chokaa kwenye paji la uso.

FundiLeya
Umepaka leya ya chini badala ya maski ya leya ya juu. Ctrl+Z kwanza. Kwenye orodha ya leya, leya ya juu ina vijipicha viwili sambamba, kimoja picha, kingine cheusi. Bofya kile cheusi ndipo upake. Kosa hilo kila mtu analipitia, hata mimi juzi.

Mkono_Mzito
Imekubali! Sura mbili zimeingia ukungu bila sahani, ubao msafi kabisa, nimetuma JPG. Ila nusu saa haijapita, mmoja wa wale wawili kanipigia. Anasema sura haionekani kweli, lakini watu wameshamtambua kwa shati. Kumbe lile shati la maua analivaa kila wiki.

Dada_Brashi
Hahaha! Maski si bado ipo? Brashi nyeupe, mpake hadi kiunoni, utoe JPG nyingine. Na ile ya kwanza waombe waifute.