Naomba ushauri: shimo la mchanga la shehia yetu linaombewa miaka kumi zaidi, na mimi ndiye niliyekabidhiwa kalamu

Mwalimu wa Kaskazini (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi katika shehia moja (ngazi ya chini ya utawala huku kwetu) ya Wilaya ya Kaskazini 'B', Unguja, na nimo pia miongoni mwa washauri wa sheha, kiongozi wake. Shehia yetu ina shimo la mchanga lililoanza kuchimbwa wakati wanafunzi wangu wa mwanzo wakiwa darasa la pili, na sasa nawasomesha watoto wao. Kibali cha mchimbaji kinakaribia kumalizika, naye ameomba aongezewe miaka kumi. Tumeletewa karatasi ya ukurasa mmoja iliyoandikwa "wananchi wanakubali" na "wananchi hawakubali", tutie alama panapostahiki, na chini yake pana mistari mitatu ya maoni. Wenzangu wamenitwika kazi ya kuyakusanya maoni hayo kwa hoja kwamba mwalimu ana hati nzuri.

Uzito wa jambo hili ni kwamba watu wamegawanyika, na mimi mwenyewe nimegawanyika pamoja nao. Mtoto wa dada yangu anapakia mchanga kwenye magari kila siku, na kwa kazi hiyo amejenga chumba na ukumbi, ameoa, na anamlisha mama yake. Upande wa pili wa shimo ipo eka tatu aliyopewa marehemu babu yetu baada ya Mapinduzi, ambayo ukingo wake umeanza kumeguka na minazi miwili imeshaangukia shimoni. Mama yangu hataki hata kulisikia jina la mahali pale. Kwa hiyo tukikaa kula Ijumaa, shimo linakuwa limekaa nasi kwenye mkeka.

Sehemu iliyochimbwa mwanzo imeachwa kama ilivyo. Kila masika hujaa maji, watoto huenda kuogelea wakitoroka chuo cha Kurani, na mbu wanaozaliana humo hawabagui nyumba ya aliyekubali na ya aliyekataa. Kisima chetu cha kuvuta kwa kamba, kilicho hatua kama mia mbili hivi kutoka hapo, kimebadilika ladha kwa mujibu wa wazee, ingawa vijana wanasema ni wazee ndio waliobadilika.

Naomba mnishauri mambo mawili. La kwanza, inafaa kweli mimi niandike? La pili, nikiandika, niandikeje ili mistari mitatu isigeuke kuwa fitina ya miaka kumi?

Bi Mkubwa wa Mahonda

Wa alaykumu salaam, mwanangu. Andika, lakini sentensi yako ya mwanzo iwe kwamba mpwa wako anafanya kazi shimoni na ukoo wako una eka inayopakana nalo. Ukilisema wewe mwenyewe ni uaminifu, na likisemwa na jirani baada ya wiki mbili ni kashfa. Kisha watafute wawili wasiokuwa na shamba wala mtoto mahali pale watie saini pamoja nawe.

Jengine ni saa ya mkutano. Ukiitisha saa nne asubuhi utawapata wanaume wa barazani peke yao. Akinamama wako kondeni, vijana wa mchanga wako kazini, na karatasi itasema "wananchi" ilhali waliohudhuria ni watu kumi na wawili na kahawa yao. Itisha baada ya Alasiri, na usiwasahau wanawake wanaouza chai na mihogo ya kuchemsha ukingoni mwa shimo, kwa sababu wao hawahesabiwi kuwa wachimbaji wala wakulima.

Fundi wa Jang'ombe

Mimi ni mwashi kwa miaka mingi na nitasema ambalo wengi humu hawatalipenda. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar, na ile ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Watu hao wote wanataka kulala ndani ya nyumba, na tofali la saruji halitengenezwi kwa dua. Mkilifunga shimo lenu, gari litakwenda kuchimba shehia ya jirani, au, vibaya zaidi, mtu atavizia usiku aupakie mchanga wa ufukweni. Mchanga wa pwani una chumvi, chumvi hula nondo, na nondo ikila kutu huvimba na kuipasua zege kutoka ndani. Nimeshaitwa kutazama nyumba ambayo haijafika hata miaka kumi na dari yake inaanguka vipande vipande.

Kwa hiyo mimi ni wa kuongeza, ingawa nakiri kwamba sisi mafundi tunaufuja mchanga. Vumbi la kokoto linalobaki kwenye mashine za kusaga mawe linaweza kuchanganywa katika kufyatua matofali, na kazi ikawa nzuri, lakini mwenye nyumba akiliona rangi yake ya kijivu hudhani anaibiwa.

Mstaafu wa Misitu

Ndugu Mwalimu, nimefanya kazi ya misitu na maliasili zisizorejesheka mpaka nikastaafu, na shida ya karatasi yako naiona katika neno "miaka". Mchanga hauchimbwi kwa miaka, huchimbwa kwa eneo na kwa kina. Ikiwa mchanga wa ndani ya mipaka ya sasa unakaribia kwisha, na mtu anaomba miaka kumi mingine, basi ama atatanuka kwenda kwenye makonde ya watu au atashuka chini zaidi. Ikiwa haukaribii kwisha, mwambieni akuonesheni kiasi kilichobaki. Jibu la "ndiyo" au "hapana" kabla ya kulijua hili ni jibu la swali ambalo hamjaulizwa.

Kutanuka kunagusa ardhi. Chini ya Sheria Namba 12 ya 1992, ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma na mtu huwa na haki ya kuitumia, na eka tatu mliyorithi ni haki ya namna hiyo, yenye kutambulika na kutetewa. Isitoshe, kwa mila zetu mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwengine. Muandike minazi, miembe na mikarafuu kwa majina ya wenyewe, mti mmoja mmoja, kabla kijiko cha kuchimbia hakijafika, kwa sababu mnazi ulioangukia shimoni huwa mgumu kuuthibitisha.

Kushuka chini kunagusa maji, na hapa ndipo ninapokuomba usikae kimya. Maji yetu matamu ni mvua iliyonywewa na ardhi, nayo hukaa juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi zaidi. Mchanga ndio chujio lake. Ukiondoa mita nyingi za mchanga ukaacha kiasi kidogo juu ya maji, basi chochote kinachoingia shimoni, iwe kinyesi cha ng'ombe au mafuta ya gari, hufika kisimani kabla hakijachujwa. Shimo likifika kwenye maji yenyewe, kisima chenu na dimbwi la watoto vitakuwa kitu kimoja kwa jina tafauti.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar, Namba 3 ya 2015, ndiyo iliyoianzisha Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, ZEMA, na ndiyo inayosimamia tathmini ya athari za mazingira. Andikeni barua muombe kuiona tathmini ya shimo hilo na masharti yaliyofungamana na kibali kinachomalizika. Someni hasa sehemu ya kurejesha ardhi. Kazi ya kurejesha huanza siku ya kwanza ya kuchimba: udongo wa juu hukwanguliwa na kuwekwa kando, kingo hulazwa zisisimame kama ukuta, kisha udongo ule ule hurudishwa na kupandwa. Mikeshia na mivinje hushika hata pale ambapo rutuba imeondoka, na baada ya miaka kadhaa mtu anaweza kujaribu migomba. Kama udongo wa juu uliuzwa pamoja na mchanga, basi hakuna cha kurudisha, na hilo nalo liandike.

Kijana wa Pauro

Nawasoma wakubwa zangu kwa heshima zote, lakini nyote mna mishahara au pensheni. Mimi na wenzangu hulipwa kwa gari tulilolijaza. Siku ya mvua hatuli. Mkija kusema "lifungwe mpaka tathmini ipatikane", tathmini inaweza kuchukua masika na vuli, na hakuna hata mmoja wenu aliyetaja nani atanunua unga katika muda huo. Shimo la zamani tunajua lina hatari kuliko mnavyojua nyinyi, kwa kuwa sisi ndio tuliomtoa mtoto majini mwaka juzi, akiwa hai, Alhamdulillahi. Tulipeni sisi tulisawazishe. Tuna mapauro, na wenye magari ya ng'ombe wanajulikana.

Mpemba wa Bara

Mchango wa kijana huyu ndio ulionifanya niandike. Mimi ni mtu wa Wete, lakini nimefundisha miaka kadhaa katika Wilaya ya Mbinga, mkoani Ruvuma, ambako makaa ya mawe yamekuwa yakichimbwa Ngaka tangu 2011. Sheria ya kule, yaani Sheria ya Madini, Sura ya 123, ni ya Tanzania Bara na haitufikii huku, lakini tabia za watu mbele ya shimo hazina Bara wala Visiwani.

Tulipokuwa tukizungumza na wanakijiji, nilijifunza kuwa swali la "mnataka mgodi uendelee?" hujibiwa na tumbo la siku hiyo, kwa sababu mwenye ujira anasema ndiyo na mwenye shamba la kahawa lenye vumbi anasema la. Ulipouliza "mgodi ukisimama, siku ya pili yake kutakuwa na nini hapa?" wote wawili walinyamaza, kisha wakaanza kuzungumza wao kwa wao. Ukweli ni kwamba kila shimo husimama. Mgodi wa makaa wa Kiwira, uliofunguliwa 1988 kwa msaada wa China, ulikuja kusimama kwa muda mrefu, na mji uliozoea kuishi kwa mgodi hauna shamba la kurudia haraka.

Kuna jambo jengine la makaa ambalo fundi na mstaafu watalielewa. Tabaka la makaa likiinamia chini, kila tani inayofuata hudai kuondolewa mawe na udongo mwingi zaidi juu yake, kwa hiyo miaka ya mwisho ya mgodi huharibu ardhi kubwa zaidi kwa faida ndogo zaidi. Muulizeni mchimbaji wenu kama miaka kumi anayoiomba inafanana na kumi iliyopita.

Mwalimu wa Kaskazini

Nimesoma yote, na jana baada ya Alasiri tulikutana watu sitini na wanne, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume. Nilianza kwa kumtaja mpwa wangu na eka ya babu, mama yangu akanikazia macho, lakini yakapita. Sikuuliza "ndiyo au hapana". Karatasi nitairudisha bila alama, pamoja na barua ya kurasa mbili inayosema kwamba hatuwezi kujibu kuhusu miaka mpaka tuelezwe eneo na kina, kwamba tunaomba kuiona tathmini, na kwamba shimo la zamani lisawazishwe kwanza kwa gharama ya mchimbaji na kwa ujira wa vijana wa shehia, huku uchimbaji ndani ya mipaka ya sasa ukiendelea hadi kibali kimalizike. Sharti hili la mwisho ni la Kijana wa Pauro, nami nimeliandika karibu kwa maneno yake. Waliolikataa walikuwa tisa, na majina na sababu zao nimeziambatanisha vilevile.

Limebaki moja. Tunataka kutaja umbali kati ya sakafu ya shimo na maji ya kisima, lakini hatuna mpimaji wala pesa za kumwita.

Fundi wa Jang'ombe

Hilo ni la mpira wa maji, ule tunaopimia usawa sisi mafundi, Mwalimu. Pimeni kisima alfajiri kabla ya mtu kuteka, kwa kamba yenye jiwe, mkihesabu kutoka mdomo wa kisima hadi maji. Kisha tutauhamisha usawa wa mdomo wa kisima kwa vigingi hadi ukingo wa shimo, kila mara mita ishirini, na kutoka hapo tutateremsha kamba hadi sakafuni. Tafauti ya kamba mbili ndiyo jibu lenu. Fanyeni sasa, mkarudie masika yakimalizika, wakati maji yako juu kabisa. Jumapili sina kazi, nitakuja na mpira wangu, na huyo Kijana wa Pauro awepo anishikie ncha ya pili.

Kijana wa Pauro

Nitakuwepo. Njoo kabla jua halijachomoza, na uvae viatu vya mpira.