Tupeane uzoefu: mtoto wako mdogo ana kazi gani hapo mtaani kwenu?

Wakuu, habari za muda huu. Naandika kutoka Mabatini, Mwanza. Nawaomba wazazi, walezi na walimu wa watoto wadogo, tuseme kuanzia miaka mitatu hadi minane, tuambizane tunafanya nini ili watoto hawa wawe watu wa mtaa wao. Kusalimia wakubwa wengi tunafundisha. Nauliza zaidi ya hapo: mtoto kuwa na jambo lake ambalo watu wengine wanalitegemea.

Naanza mimi. Binti yangu yuko darasa la kwanza. Jirani alipofiwa nilikwenda kupika na wenzangu, na mtoto sikuwa na wa kumwachia. Bibi mmoja aliyekuwa anasimamia mambo pale msibani akamwita, akamkabidhi jagi la maji ya uvuguvugu, kijana mwingine akashika beseni na sabuni. Akamwambia, "Unaanza na wazee waliokaa chini ya turubai, unakwenda kwa mstari, humruki mtu." Akamwonyesha kumimina taratibu maji yasirukie nguo, kisha kungoja mtu ajisugue sabuni ndipo amimine tena. Mimi namwangalia kutoka kwenye mafiga. Jagi zito, kalishika kwa mikono miwili, ulimi kautoa pembeni kwa umakini. Kila aliyenawa alimshukuru na kumuuliza, "Wewe ni mtoto wa nani?" Akajibu, akasogea kwa mwingine. Kufika jioni nusu ya mtaa wanamjua, naye anawajua. Siku hizi kukiwa na shughuli watu wanauliza, mnawishaji wetu yuko wapi?

Ninachokiona ni hiki: ile kazi ilikuwa ya kweli, wageni wasingekula bila kunawa. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunapofanya usafi, mara nyingi mtoto anapewa ufagio apige picha, halafu mtu mzima anafagia upya palepale. Mtoto anaelewa kabisa kwamba hahitajiki. Karibuni, nawasikiliza.

Mwalimu wa Awali, Ilemela

Mleta mada umegusa penyewe. Shuleni kwetu ndoo ya kunawia iliwekwa juu ya meza, na watoto wa awali wakawa wanakula uji na mikono michafu. Nikawakalisha chini ya mti nikawauliza kwa nini hawanawi. Mtoto mmoja ambaye huwa haongei kabisa darasani akasema, "Koki iko juu, maji yananiingia kwenye kwapa." Wenzake wote wakaitikia. Sisi walimu tunapita pale kila siku na hatukuwa tumeliona hilo.

Tukatengeneza vibuyu chirizi. Dumu la lita tano unalitoboa karibu na mdomo, unalining'iniza kwenye mti wa kulala, unafunga kamba mdomoni, chini unafunga kijiti. Mtoto akikanyaga kijiti, dumu linainama, maji yanachirizika, na hagusi kitu kwa mkono mchafu. Kikabaki kibishano cha mahali: karibu na vyoo au karibu na wanaponywea uji? Nikaleta makopo mawili, kila mtoto akaokota kokoto moja (Mwanza mawe hayajawahi kuwa shida), akapiga kura. Tukahesabu kwa sauti, wote. Kwenye uji pakashinda. Mimi nilitaka vyooni, lakini kura ni kura, tukafunga pale walipochagua. Cha vyooni wakaja kukitengeneza wa darasa la tano.

Na niwakumbushe wenzangu, Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayomhusu. Haikusema angoje mpaka aende sekondari.

Mchuuzi wa Dagaa, Kirumba

Mimi wangu wamekulia mwaloni, hapa ufukweni samaki na dagaa wanapoletwa na kuuzwa. Mdogo ana miaka saba, anakaa na mimi kwenye chanja anachambua dagaa na kufukuza ndege. Wateja wote wanamjua. Ndiyo shule ya maisha hiyo.

Afisa Ustawi (mstaafu)

Mchuuzi wa Dagaa, kaka yangu, nakuheshimu na najua biashara inavyobana, ila hapa tutenganishe mambo mawili. Mtoto kukusaidia kidogo baada ya shule, huku anacheza, ni malezi. Mtoto akikaa juani kutwa kwa ajili ya kipato, hiyo ni ajira, na sheria hiyohiyo ya 2009 imeweka umri wa chini wa ajira kuwa miaka 14, tena kwa kazi nyepesi. Nimewaona watoto wengi mwaloni wamezoeleka hivyohivyo mpaka darasani wakapotea. Kipimo changu ni rahisi: je, akiacha leo akaenda kucheza, kuna mtu atamgombeza? Kama yupo, punguza.

Mchuuzi wa Dagaa, Kirumba

Nimekuelewa mkubwa. Asubuhi anakwenda shule, hilo halina mjadala. Jioni nitaliangalia.

Kisiwani, Ukerewe

Kwetu watoto wameanzisha jambo lililowashinda wakubwa. Mnajua kichocho kilivyo visiwani. Mtu anajisaidia ziwani au kando yake, vimelea vinaingia kwa konokono wadogo wanaoishi kwenye majani ya ufukweni, vinakua humo, kisha vinatoka na kupenya kwenye ngozi ya yeyote anayeingia majini. Watoto ndio wanaoogelea, kwa hiyo ndio wanaoumia. Dawa wanapewa shuleni, wanameza, halafu wanarudi kwenye maji yaleyale.

Mwalimu wao aliwafundisha mzunguko huo kwa kuucheza: mmoja konokono, mmoja kimelea, mmoja mtu anayechota maji. Wakauchezea kwenye mkutano wa kijiji, vitoto vya la kwanza na la pili. Yule aliyekuwa mtu wa kujisaidia ziwani alichuchumaa mbele ya wazee wote na kukunja uso, watu wakacheka mpaka machozi. Kisha binti mmoja akasimama akauliza, "Choo cha mwaloni kiko wapi?" Kimya. Mwenyekiti akaliingiza kwenye ajenda hapohapo. Mpaka leo choo hakijaisha, shimo lipo na kuta zimefika kiunoni, lakini wale watoto wakitoka shule wanapitia kwa mwenyekiti kuuliza saruji imefika wapi. Naye anajibu, maana anajua kesho watarudi.

Mtani wa Kisesa

Kwa sisi Wasukuma ngoma ndiyo ilikuwa mlango. Nenda Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, wakati wa Bulabo, tamasha letu la ngoma la mwezi wa sita, uone vitoto vinavyojipanga nyuma ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana. Vinajua kabisa viko upande gani.

Mama wa Kanda ya Ziwa

Nimesoma zote kimya, acha na mimi niseme. Mwanangu ana ualbino. Wote tunakumbuka mauaji yaliyotokea Kanda hii, kuanzia mwaka 2007 na miaka iliyofuata. Kwa hofu hiyo nilimlea mlango umefungwa. Shemeji yangu ndiye aliyeniambia, "Shemeji, mtoto asiyejulikana na mtu akipotea nani atapiga yowe?" Maneno hayo yaliniuma, lakini yalinifungua.

Tukaanza jioni, jua likishapungua, kofia pana na shati la mikono mirefu. Kila siku anampelekea maziwa bibi mmoja mjane nyumba ya nne kutoka kwetu, mimi namsindikiza kwa macho, muuza genge anampokea kwa macho yake, na fundi cherehani vilevile. Bibi asipoona maziwa kwa wakati anatuma mtu. Mwanangu haoni vizuri mbali, basi watu wakamzoea, wanamwita kwa jina kabla hajafika ili ajue ni nani. Sasa ana miaka minane na ndiye anayekumbusha watoto wenzake siku ya mazoezi ya kwaya, mlango kwa mlango, wakiwa kundi. Hofu sijaiacha yote. Ila leo nyumba zaidi ya kumi zinajua saa anayopita.

Mgeni Buhongwa

Mama, Mungu akutunzie. Swali langu: sisi tuliohamia mitaa mipya, kila mtu na ukuta wake, misibani tunatuma mchango kwa simu. Tunaanzia wapi?

Mleta mada

Mama, ahsante sana kwa kutuamini na hili. Mgeni, anzia gengeni. Nenda na mtoto, mwache yeye aombe nyanya, alipe, ahesabu chenji, aulize mwenye genge anaitwa nani. Mjumbe wako akipitisha taarifa ya mkutano wa mtaa, mwombe mtoto aipeleke nyumba mbili za karibu mkiwa pamoja. Na msiba ukitokea, mchango tuma kwa simu kama kawaida, lakini mwende. Jagi na beseni havikosekani, na mtu wa kushika huwa anatafutwa.