Harry Potter ya Game Boy Color haishiki sevu: betri namba ngapi, na inabadilishwaje?

Nasra_Ilala
Habari zenu wakuu. Nina katriji ya Harry Potter and the Philosopher's Stone, ile ya Game Boy Color ya 2001, naichezea kwenye Game Boy Advance SP. Gemu linawaka vizuri, picha na sauti safi. Nikisevu nikazima na kuwasha papo hapo, nakuta kila kitu. Nikiiacha hadi kesho yake, levo, miujiza na kadi za wachawi vyote vimefutika. Fundi simu anasema betri ya ndani imekufa na anataka kulehemu waya moja kwa moja juu ya betri mpya. Ni sawa? Na ninunue betri namba ngapi?

Mzizima8bit
Dada Nasra, asilehemu juu ya betri. Hizo ni betri za lithiamu. Ukizigusisha chuma cha kulehemu cha nyuzi 350, joto linaingia ndani, muhuri unaachia, na betri inaweza kuvuja au kumpasukia fundi usoni. Hata isipopasuka, uwezo wake unakuwa umeshashuka. Inatakiwa betri yenye masikio, yaani vibati viwili vilivyopigwa spoti (vimeunganishwa kwa nukta za umeme, bila risasi) juu na chini. Risasi ya kulehemu inashika kwenye sikio, betri yenyewe haipati moto.

Dalili zako ni za betri kweli. Gemu hili linaweka sevu kwenye SRAM, yaani chipu ya kumbukumbu, na SRAM haishiki kitu bila umeme. Ukiwa unacheza, umeme unatoka kwenye SP. Ukizima, inabaki betri ya volti 3 peke yake. Ukiwasha upesi, chaji iliyosalia kwenye saketi bado inaishikilia, ndiyo maana unaona kama imesevu. Ungekuwa uchafu kwenye meno ya katriji (vile vibati vinavyoingia kwenye mashine), gemu lingegoma kuwaka au lingeganda katikati.

Kuhusu namba: katriji za Color pekee zina gamba linalopitisha mwanga, kwa hiyo ielekeze dirishani utaliona duara la betri kabla hujafungua chochote. Kwenye katriji za aina hii utakuta CR1616 au CR2025, imegongwa juu ya betri yenyewe. Tarakimu mbili za kwanza ni kipenyo kwa milimita, mbili za mwisho ni unene: CR2025 ni milimita 20 kwa 2.5, CR1616 ni 16 kwa 1.6. Weka ileile uliyoikuta. CR2032 imejaa kila duka kwa sababu ya kompyuta, lakini ina unene wa 3.2 na gamba halitafunga sawasawa. LIR2025 usiiguse kabisa: hiyo ni ya kuchaji, ikijaa inafika volti 4.2.

Nasra_Ilala
Ahsante sana mkuu. Nimeangalia kwenye mwanga, ni CR1616. Yenye masikio naipata wapi hapa mjini? Mafundi saa wote wana zile tupu.

fundi_kigamboni
Nunua tupu, mpya, halafu tafuta fundi mwenye mashine ya kupiga spoti. Wanaotengeneza betri za simu Kariakoo, upande wa Aggrey, wanazo. Mwombe akupigie vibati vya nikeli vya milimita 0.1, kimoja upande wa chanya, kimoja wa hasi, vielekee kama vilivyokuwa kwenye betri ya zamani. Kwa hiyo mpelekee na ya zamani aione. Asirudie spoti mara nyingi sehemu moja, chini ya kile kibati ni gamba jembamba la betri.

Kufungua: skrubu ya katriji si ya nyota, inataka bisibisi ya gamebit ya milimita 3.8. Ukiikosa, chukua ganda la kalamu ya plastiki, lainisha ncha kwa moto, ikandamize juu ya skrubu, subiri ipoe kabisa ndipo uzungushe. Kisha telezesha gamba la mbele kuelekea chini kidogo kabla ya kulinyanyua, vinginevyo utavunja vijino vya juu.

Kuitoa betri ya zamani ndipo watu wengi wanaua bodi. Usivute sikio risasi ikiwa bado ngumu, utang'oa na shaba iliyo chini yake. Ongeza kwanza tone la risasi mpya ya 60/40 na flaksi (dawa ya kusaidia risasi itiririke) juu ya ile ya zamani, kwa sababu iliyokaa miaka zaidi ya ishirini inayeyuka kwa shida. Chuma kiwe nyuzi 320 hadi 350, sekunde mbili au tatu, sikio linanyanyuka lenyewe. Likigoma, acha bodi ipoe uanze tena. Kabla ya kuweka mpya, tazama alama za + na − kwenye bodi. Ukigeuza, gemu litawaka kama kawaida ila halitasevu, na utadhani betri ni mbovu.

Ukimaliza pima kwa mita kwenye masikio: betri mpya inasoma volti 3.0 hadi 3.3. Hakikisha pia sikio la hasi haligusi ukingo wa betri, maana hapo inajimaliza yenyewe taratibu na baada ya wiki chache unarudi palepale.

Wale wanaokubandikia betri kwa selotepu wasikushawishi. Unyevu na joto la Dar vinalegeza gundi, betri inaachana na kibati sekunde moja, na sevu imekwenda.

Pembe_ya_Upanga
Naongezea mawili. Bodi ikiwa wazi, safisha meno kwa pamba na alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Spirit ya duka la dawa mara nyingi ni ya asilimia 70, ina maji mengi, ukiitumia acha ikauke vizuri. Hewa yetu ina chumvi, kwa hiyo ukiona kijani kwenye shaba, sugua kwa kifutio cheupe kwanza. Na soma maandishi ya bodi: halisi ina jina la Nintendo. Kwenye bandia unaweza usikute nafasi ya betri kabisa, na hapo hakuna cha kubadilisha.

La pili, nakala. Kwa katriji hii sevu ya zamani imeshapotea, hakuna cha kuokoa. Ila ukishaweka betri mpya, tafuta GBxCart RW, kisomeo kinachochomekwa kwenye USB ya kompyuta, na unakili sevu kila unapomaliza sehemu kubwa. Hili si kama toleo la Advance la kitabu hichohicho, lenye mafumbo na kukimbiakimbia. La Color ni RPG halisi, yaani gemu la kukuza mhusika: mapigano ya zamu kwa zamu, miujiza kama Flipendo na Verdimillious inapanda kadiri unavyopata uzoefu. Kupoteza sevu humu ni kupoteza saa nyingi za kupandisha levo.

Mzizima8bit
Sahihi kabisa. Nasra, ukishafunga usianze safari ndefu siku hiyohiyo. Sevu mara moja, zima, chomoa katriji kwenye SP, iache usiku mzima, kisha angalia. Ukitaka kuijaribu kwenye mashine nyingine iwe Color au Advance, Nintendo DS haisomi katriji za Color. Leta jibu hapa pamoja na volti ulizopima.