Ushauri: Nikitania Yanga wanacheka, nikigusia wanawake moto unawaka

MwanaMsimbazi
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni dada wa Temeke, Simba damu. Nina ukurasa Instagram wa utani wa mpira, zaidi video za kuigiza Yanga wakitafuta visingizio. Watu wanacheka, wanasambaza, raha tupu.

Shida inakuja nikisema jambo la wanawake. Juzi niliuliza kwa nini mechi za Simba Queens majukwaa yanakuwa matupu, wakati mwaka 2022, mara yao ya kwanza Ligi ya Mabingwa Afrika ya wanawake kule Morocco, walifika nusu fainali wakamaliza wa nne. Maoni yakamiminika: "Umeanza mambo ya Beijing." "Rudi jikoni." "Hajaolewa huyu, ndiyo maana." Simba na Yanga wakaungana kunisema, umoja ambao hata Taifa Stars ikicheza siuoni.

Sasa kuna muuza jezi anataka nimtangazie kwa malipo, ila kasema, "Dada, baki kwenye utani, harakati weka pembeni." Hela naihitaji. Nifungue ukurasa wa pili kwa hayo mengine, au nikomae na huu huu? Nawasilisha.

Mwananchi_Halisi
Kwanza pole na zile goli tano sisi Yanga tulizowafunga Novemba 5, 2023, najua bado zinauma. Pili, tenganisha. Mtu kaingia kucheka, wewe unampa mhadhara. Nimetoka kazini nimechoka, dada.

Bi_Mtoni
Mhadhara gani, sentensi mbili? Mdogo wangu, usitenganishe. Ukurasa wa pili watakufuata mnaokubaliana tu, mtabaki kupigiana makofi. Wanaotakiwa kusikia wako huko kwenye utani. Na hao wa "Beijing" wakumbushe kwamba katibu mkuu wa mkutano ule wa wanawake uliofanyika Beijing 1995 alikuwa Getrude Mongella, mama wa Ukerewe. Wanabeza cha kwao bila kujua.

Fundi_Spika
Mimi naongelea ufundi tu. Kwenye mipangilio ya Instagram kuna sehemu ya kuficha maneno. Andika "jikoni", "hajaolewa" na ndugu zake, maoni yenye hayo yatajificha. Anayetishia, piga picha ya skrini KABLA ya kumfungia. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa unyanyasaji wa mtandaoni, ila ukienda polisi mikono mitupu utazungushwa.

Kolo_Mstaarabu
Simba mwenzako hapa, mwanaume. Hoja yako iko sawa, ila ile posti ilisomeka kama taarifa kwa vyombo vya habari. Utani wako ulikuwa wapi? Muigize yule jamaa anayekuuliza "unajua ofsaidi wewe?" halafu dakika hiyo hiyo anadai ofsaidi kwenye mpira wa kurushwa, ambako ofsaidi haipo. Wenyewe watajijua.

Bi_Mtoni
Hiyo nzuri, nimecheka. Lakini isiwe lazima achekeshe ndipo aruhusiwe kusema. Nyie mbona mnalalamikia marefa kurasa tatu bila kichekesho hata kimoja?

Kolo_Mstaarabu
😂 Hapo sina jibu, mama.

MwanaMsimbazi
Nimewasoma wote, asanteni. Ukurasa wa pili sifungui. Maneno nimeshayaficha, kumbe kazi ya dakika chache. Ya ofsaidi naiigiza Jumamosi, atacheza kaka yangu, na wala hahitaji mazoezi. Muuza jezi nimemwambia tangazo lake nitaliweka kwenye posti za utani, lakini mengine nitaendelea kuyasema hapo hapo. Nikamuuliza na jezi za Queens kama anazo. Kasoma, kanyamaza.

Mwananchi_Halisi
Akijibu, muulizie na za Yanga Princess. Binti yangu ana miaka tisa, kila duka wananipa ya kaka yake.