Wapiga besi tupeane uzoefu: ni wimbo gani wa posti-panki au nyuwevu (roki iliyofuata panki, mwishoni mwa miaka ya 70 na mwanzoni mwa 80) uliokukamata?

BesiYaKwaya (Dar)
Wakuu, habari za jioni. Napiga gitaa la besi mwaka wa 14 sasa: Jumapili kwaya, Jumamosi kopi za harusini, yaani nyimbo za watu wengine. Muda wote huo naambiwa neno moja: shusha. Fundi mitambo akinisikia kwenye spika ananipunguza, mwimbaji naye akigeuka ananipungia mkono. Nilishakubali kwamba kazi yangu ni kushika msingi, na msingi hauonekani.

Siku moja mpangaji mwenzangu akaweka "She's Lost Control" ya Joy Division, bendi ya Salford na Manchester, Uingereza, wimbo wa mwaka 1979. Nikamuuliza, hiyo solo anapiga nani? Akasema hiyo ni besi. Nikamwambia arudishe. Mpiga besi wao, Peter Hook, yuko juu kabisa ya shingo, kule ambako sisi tunafika mara moja moja kupamba, na wimbo wenyewe kaubeba yeye.

Nilipofuatilia nikakuta sababu ambayo mpiga besi yeyote wa huku ataielewa: ampli yake ilikuwa duni. Akipiga chini, gitaa la Bernard Sumner linamfunika, hajisikii. Akapanda juu ili ajisikie. Mwimbaji wao, Ian Curtis, akaupenda ule mlio, wakaanza kujenga nyimbo juu yake. Nilikaa na habari hiyo siku nzima. Ninyi wenzangu, ni wimbo gani, na vidole vyenu vilijifunza nini?

NyuziNne
Mimi niko Leeds, Uingereza, muuguzi, zamu za usiku. Nyumbani Mombasa sikuwahi kuona mwanamke kashika besi kwenye bendi. Wanawake waliimba, vyombo ni vya wanaume. Aliyenifungua macho ni Tina Weymouth wa Talking Heads, New York. Hakuwa mpiga besi. Wenzake, mpiga drams Chris Frantz na mwimbaji David Byrne, walikosa mtu wa besi, naye akajifunza. Mwanzo wa "Psycho Killer" (1977) una noti chache mno, nikazishika siku moja. Kuzipiga wimbo mzima bila kukimbia kulinichukua wiki sita. Mkono unataka kuharakisha kila ngoma inapokaza, na yeye hatikisiki.

Baadaye nikajua kwamba mji huuhuu ninaoishi ulikuwa na Delta 5, bendi yenye besi mbili, Ros Allen na Bethan Peters, wanawake wote wawili. Sikilizeni "Mind Your Own Business" ya 1979. Mwenzangu wa kazini naye ana besi, siku za mapumziko tunaipiga sebuleni, yeye juu mimi chini. Sijapata raha kama hiyo kwenye muziki.

MzeeWaDansi
Mwanangu uliyeanzisha, nakupinga kidogo. Kwetu kwenye dansi besi haifichwi, inaimba na wachezaji wanaifuata. Ndiyo maana mwanzoni sikuona jipya kwa hao Waingereza.

Kilichonigeuza ni *Metal Box* ya Public Image Ltd, 1979. Ilitoka ndani ya kopo la chuma, santuri tatu. Mpiga besi ni Jah Wobble, kijana wa London aliyeipenda dabu ya Wajamaika, ile rege iliyojaa besi na mwangwi, na inasikika: nzito, ya tumboni. Kwenye "Poptones" anazungusha kitu kilekile karibu dakika nane. Sisi tumelelewa kwamba chemko, ile sehemu ya mwisho ya kasi ya wimbo, likifika lazima ubadilishe, uchangamshe. Huyu habadilishi. Gitaa linahangaika juu yake, sauti inalalamika, yeye yuko palepale. Nilijaribu mazoezini, dakika ya tatu vidole vikawasha kutaka kuongeza vikorombwezo. Nikajizuia. Mpiga drams wetu, ambaye hunisemesha mara chache, akaniuliza leo nimekula nini.

KijanaWaArusha
Kwangu ni "A Forest" ya The Cure, 1980, besi ya Simon Gallup. Nilikuwa napiga kwa vidole tu, nikadhani piki, kile kipande cha plastiki cha kukwanyulia nyuzi, ni ya wapiga solo. Gallup na Hook wote ni watu wa piki. Nilipoishika nikaelewa ule mlio wa kukwaruza unatoka wapi.

BesiYaKwaya (Dar)
Shikamoo mzee wangu. Umenirekebisha vizuri, harusini nilikopiga ndiko walikonifundisha kujificha, si kwenye dansi. Naomba unielekeze, ule uzito wa Wobble unaupataje kwenye ampli ya kawaida?

MzeeWaDansi
Marahaba. Funga kitufe cha toni chote, kisha usipigie karibu na daraja, kule nyuzi zinakofungwa mwilini mwa gitaa. Sogeza mkono hadi shingo inapoanzia, upige kwa nyama ya kidole, taratibu. Nyuzi zikiwa za zamani ndiyo bora, usizibadilishe.