Treni ya watalii nyuma ya nyumba, sasa wanataka na ukumbi wa harusi. Jirani ana sauti gani?

MamaTatu aliandika:

Wakuu habari za humu. Nipo Pennsylvania, mji sitautaja maana ni mdogo na sisi waswahili tunahesabika, mtu atanijua kesho asubuhi. Nyumba yetu nyuma yake kuna uzio, mtaro, halafu reli. Ni reli ya zamani ya treni ya mvuke, inabeba watalii, watoto wanapunga mikono, ikifika Krismasi wanamuweka Santa ndani ya behewa. Tulipokuja kuiangalia nyumba ilikuwa katikati ya baridi treni haitembei, dalali akasema tu eti kuna katreni ka wikiendi kanapita. Kumbe msimu ukianza ni kila siku, na siku nyingine mara nne kwenda na kurudi.

Honi nimeshazoea, mbili ndefu, fupi moja, ndefu moja, mtoto wangu mdogo anaiiga hata kanisani. Masizi ndio yananishinda. Ukipitisha kidole kwenye kizingiti cha dirisha kinatoka cheusi, na sio vumbi la kawaida, yana mafuta mafuta, ukifuta na kitambaa kikavu ndio unayapaka vizuri. Nguo nje nimeacha kuanika.

Sasa juzi wamebandika tangazo kwenye uwanja wa pembeni yetu uliokuwa unavunwa nyasi za ng'ombe, kampuni ya hiyo treni inaomba kibali ifanye pakingi ya mabasi na ukumbi wa sherehe. Kikao cha bodi ya halmashauri ni jumanne. Jirani yangu mzee wa kizungu kaniambia nisijisumbue, reli inalindwa na sheria ya serikali kuu, halmashauri haiwezi kuigusa. Ni kweli? Au kuna cha kufanya?

Kifaru_wa_Mtaa:

Yaani dada umehamia kwenye reli halafu unashangaa treni 😂 hiyo reli ina miaka mia na ushee, imekuta babu wa huyo mzee wa kizungu. Pole lakini nimecheka.

Shem_Denver:

Kifaru acha kumcheka dada wa watu, swali lake lina maana na jibu sio jepesi hivyo. Mimi nafanya kazi ofisi ya mipango ya ardhi huku Colorado, sio wakili, ila haya mambo ya treni za watalii tunakutana nayo.

Kwanza hilo la "reli ilikuwepo kabla". Angalia Durango, huku kwetu Colorado, ule mji ulianzishwa 1880 na kampuni ya reli yenyewe, Denver & Rio Grande, njia ya kwenda Silverton ikakamilika 1882, bado mpaka leo inabeba watalii. Yaani pale bila reli hakuna mji. Na bado watu wanaoishi karibu na karakana wamelalamikia moshi miaka na miaka, maana injini ya mvuke haizimwi kama gari, usiku inaachwa na moto ili asubuhi iwahi, kwa hiyo moshi unalala na wewe. Wakijibiwa hivyo hivyo, nani alikuambia ununue nyumba hapo. Halafu 2018 ukaja ule moto wa msitu unaoitwa 416, hekta kama 22,000 zimeungua, serikali ya shirikisho ikaishtaki kampuni kwamba cheche za injini ndio zilianzisha, 2022 wakamalizana kwa dola milioni 20. Siku hizi injini wamezitoa kwenye makaa ya mawe wamezipeleka kwenye mafuta. Unaona sasa, kilichobadilisha moshi sio miaka ya malalamiko ya majirani, ni bili.

Sasa sheria. Mzee wako kasema nusu ya ukweli. Kuna sheria ya shirikisho ya 1995, iliyounda Surface Transportation Board, yaani bodi ya serikali kuu inayosimamia reli, inasema mambo ya usafiri wa reli ni ya hiyo bodi, jimbo na kaunti wakae pembeni. Lakini kinga hiyo ni ya reli iliyomo kwenye mtandao wa usafiri wa taifa. Treni inayotoka kituoni ikazunguka watu wakapiga picha ikarudi palepale, ndani ya jimbo moja, mara nyingi haimo. Cha kuangalia ni kama hiyo kampuni yako inabeba na mizigo, maana ziko reli za watalii zinazosukuma mabehewa ya mizigo mawili matatu kwa wiki, na hapo ile njia yenyewe inaingia kwenye kinga. Ila hata kwa hizo, ukumbi wa harusi sio usafiri wa reli. Keki na bendi haziendi popote.

Kwa hiyo gawanya malalamiko yako mafungu mawili. Yanayotokea juu ya reli (honi, moshi, ratiba) na yanayotokea nje ya reli (pakingi, ukumbi, taa, mabasi). La pili ndio la jumanne. Ukienda pale ukaanza na masizi kwenye madirisha, mwenyekiti atakusikiliza kwa heshima zote halafu atakwambia halipo kwenye ajenda, na muda wako umekwisha.

BabaNia_California:

Shem kamaliza ila niongezee ya huku kwetu Napa, maana ni kesi tamu. Ile Wine Train, treni ya kula na kunywa mvinyo huku unaangalia mashamba ya zabibu. Bwana Vincent DeDomenico, tajiri wa wali wa pakiti, aliinunua njia kutoka Southern Pacific 1987, treni ikaanza 1989. Watu wa bonde waliipinga vibaya sana, wakulima wa zabibu, wenye nyumba, kwamba italeta watalii kama siafu na kufunga barabara. Mwisho treni ikatembea, ila mji wa St. Helena ukakataa abiria kushuka. Yaani miaka mingi unapanda Napa, unafika St. Helena, injini inahamishwa upande wa pili, unarudi bila kukanyaga chini! Tume ya jimbo inayosimamia huduma za umma ikaja ikaruhusu washuke, mji ukaenda mahakamani, na 2004 mahakama ya rufaa ikasema hii treni kwa sheria ya California sio chombo cha usafiri wa umma, ni matembezi tu watu wanakula na kuangalia mandhari, kwa hiyo tume haina mamlaka ya kuulazimisha mji. Na tume ya shirikisho iliyosimamia reli enzi hizo ilikuwa imeshasema 1991 kwamba na wao haiwahusu.

Kwa hiyo kumwambia jirani "huwezi kugusa reli" bila kujua ni reli ya aina gani ni kumtisha tu.

Mzaramo_Asilia:

Huku kwetu jirani wa reli anachorewa X ukutani anapewa siku za kuhama, huko anabandikiwa tangazo aje atoe maoni. Haya bwana. Endeleeni nasoma.

Kifaru_wa_Mtaa:

@Shem_Denver sawa mkuu nimekuelewa, lakini si kuna ile haki ya aliyekuwepo kabla ya sheria za ardhi? Sisi garage ya mjomba Ohio waliiacha hivyohivyo ingawa mtaa wote ni nyumba za kuishi.

Shem_Denver:

Ipo, na Pennsylvania ndio wanaithamini zaidi, mahakama zao zinakubali kabisa kwamba shughuli iliyokuwepo kihalali kabla ya sheria ina haki ya kupanuka kiasi inavyokua. Kwa hiyo wakili wa kampuni lazima atakuja na hiyo. Lakini uwanja ulikuwa wa nyasi za ng'ombe, haukuwa kituo cha treni, na ukumbi wa harusi ni shughuli mpya. Garage ya mjomba ikitaka kufungua baa kiwanja cha pili hapo ni habari nyingine.

MamaTatu:

Asanteni sana, Shem Mungu akuweke. Nimempigia mzee, anasema mizigo hajawahi kuona, ni watalii tu. Sasa jumanne nikifika nafanyaje? Naogopa kuongea mbele ya watu wote wale, Kiingereza changu kikiwa na hasira kinakimbia. Na honi basi ndio hivyo haigusiki?

Shem_Denver:

Honi ina kanuni yake ya shirikisho tangu 2005, dereva anatakiwa apige sekunde 15 mpaka 20 kabla ya kufika barabara, sauti desibeli 96 mpaka 110, hiyo mbili ndefu fupi ndefu uliyoisema ndio yenyewe. Mji unaweza kuomba eneo la kimya lakini lazima uboreshe vizuizi pale barabarani na pesa zinatoka mfukoni mwa mji, usitegemee mwaka huu.

Jumanne: wahi, na pale mlangoni kutakuwa na karatasi ya kujiandikisha. Usijiandikishe kama mtoa maoni tu, sema unataka kuwa mhusika kwenye shauri, kwa sababu huo uwanja umepakana na nyumba yenu. Uamuzi ukitoka ukiwa mbaya una siku 30 kukata rufaa mahakama ya kaunti, na ukiwa mhusika hakuna wa kukuuliza wewe ni nani. Halafu usiombe wanyimwe kibali, bodi za namna hii huwa zinapenda kukubali kwa masharti. Omba masharti. Muziki unazimwa saa ngapi, mabasi mangapi kwa siku, marufuku kuacha injini inanguruma wakati wanasubiri abiria, taa ziangalie chini, miti ya kuziba upande wenu. Andika kwenye karatasi usome, hakuna atakayekucheka.

BabaNia_California:

Na maji! Dada uliza maji ya mvua. Uwanja wa nyasi unakunywa maji, lami hainywi, sasa hayo maji yote yataenda wapi? Umesema kati yenu na reli kuna mtaro. Wakiulizwa hilo mara nyingi inabidi mhandisi wao arudi na michoro upya, na kikao kinaahirishwa.

MamaTatu:

Ule mtaro, ikipiga mvua ya masaa mawili tu, maji yanafika kwenye uzio wetu, na hiyo ni sasa hivi kabla ya lami. Baba watoto ana picha zake kwenye simu za mwaka jana, maji yamefika kwenye bembea ya watoto. Naenda kuziprinti leo leo.

Kifaru_wa_Mtaa:

Ziprinti kubwa dada, na tarehe zionekane.